Majoho Tisa

Kabla sijakaa sawasawa, nijibuni hili. Nina mgeni hana mikono, hana miguu, hana hata sauti, lakini akiingia chumbani kila mtu anavua nguo, hata mkubwa wa ofisi. Ni nani huyo?

Msiniambie daktari, daktari ana mikono, tena ya baridi. Msiniambie usingizi, mimi nalala na soksi. Aliyesema maji amekaribia, asogee mbele kidogo. Mkishindwa mtanipa mji, na safari hii sitaki mji wenye maghorofa na magari. Nataka ule wenye maji ya moto yanayotoka ardhini yenyewe, mtu hajawasha kuni wala kuchomeka waya.

Ni joto, wajukuu zangu. Na mji huo nimeshafika. Nilikaa siku tatu, mimi na dada yangu.

Hoteli yenyewe imekaa juu ya chemchemi kama kuku juu ya mayai, na kusema kweli hata harufu yake ni ya yai lililochemka. Siku ya kwanza unaziba pua. Siku ya pili unasahau. Siku ya tatu ukitoka nje unaona hewa ya kawaida haina ladha. Ndani kuna njia ndefu za vigae vyeupe na taa hafifu za rangi ya asali, na kila mlango ukifunguliwa unapumua kama mtu aliyelala. Watu wote wamevaa majoho meupe ya taulo na ndara za kitambaa, wanatembea polepole bila haraka ya kufika, na huwezi kujua nani mwenye kampuni na nani muuza mkaa. Mtu anapita mbele yako, mvuke unamfunika, anatokea kule mbele kama mtu mwingine kabisa. Nilimwambia dada kwamba siku nikifa nikaamkia mahali kama hapa sitashtuka, nitauliza tu chai inatoka saa ngapi.

Sasa niwaeleze huyu dada.

Dada amenizidi miaka minane. Mama yetu alipofariki mimi nilikuwa na pengo la meno ya utoto, na dada akanibeba kama mtu anavyobeba ndoo ya maji: hakuuliza ya nani, ilikuwepo na lazima ifike nyumbani. Akanisomesha mpaka darasa la saba. Kisha akanitafutia kazi palepale alipofanya yeye, chumba cha kufulia cha hospitali, na hapo tukafua na kukunja kwa miaka thelathini na moja. Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Mnasimama mnatazamana, mnashika pembe, mnavuta, mnakung'uta, kisha mnaendeana mpaka vidole vinagusana, mmoja anapokea na mwingine anainama kushika mkunjo wa chini. Mara mia mbili kwa zamu. Mimi na dada tulifikia mahali ambapo hatukuhitaji kusemezana. Yeye akinyanyua tu bega, mikono yangu imeshajua.

Nina miaka sitini na minane na ananiita Mtoto mpaka leo. Akiniita hivyo dukani, watu wanageuka kumtafuta huyo mtoto, halafu wananiona mimi na fimbo yangu.

Tatizo ni macho yake. Dada ana mtoto wa jicho, pande zote mbili. Daktari alimpima akasema jambo lenyewe ni jepesi, nusu saa kila jicho, wala halali hospitali. Ila jicho la kulia limeachwa muda mrefu mno, na likiendelea kukomaa huko ndani huenda lisitoke salama tena. Nafasi imepatikana Jumatatu. Aje, aweke sahihi, basi. Dada kila akiulizwa anajibu, "Tutaona." Wanawe walicheka mara ya kwanza. Mara ya tano hawakucheka.

Ndiyo maana tukapelekwa kwenye maji ya moto. Wanawe, ambao ni wanangu pia, walisema ni zawadi ya wazee kupumzisha viungo, lakini yule mkubwa alinivuta pembeni jikoni akaniambia kwa sauti ya chini kwamba wao mama yao amewashinda, labda mimi mama mdogo atanisikiliza. Daktari anataka neno moja tu kabla ya Jumatatu. Nikaenda na nguo zangu, na dawa zangu za presha, na neno hilo moja la kulitafuta.

Mtu wa kwanza kutupokea kule chini alikuwa mhudumu wa vyumba vya joto, mwanamume mnene mwenye kitambaa shingoni, ambaye jasho lilimtoka hata akiwa amekaa. Wageni walimwita Bwana Jasho na yeye mwenyewe aliitika. Alituzungusha kila mahali. Hiki ni chumba cha mbao, ndani yake mawe yanapashwa moto na kumwagiwa maji kwa kata. Hiki ni chumba cha mvuke, watu tisa kwa wakati mmoja, si zaidi, na si zaidi ya dakika kumi na tano. Hili bwawa la ndani ni la uvuguvugu, lile la nje ni la moto. Majoho hayaingii kwenye mvuke, yanatundikwa hapa mlangoni kwenye ndoano. Mtu akijisikia vibaya, kuna simu ukutani, inanyanyuliwa tu, nesi wa juu anaitika. Presha yangu akaiandika, akaniambia mimi mvuke ni dakika tano na mlango karibu. Dada akaulizwa kama ana shida yoyote ya kiafya. Akasema hana.

Mimi nikanyamaza. Na hapo nisiwafiche kitu: nimenyamaza hivyo miaka mingi. Nimemsomea vibandiko vya dawa, nimemchagulia nyanya sokoni, nimemwambia "ngazi" kwa sauti ya chini ili mtu asisikie. Yeye ananishika mkono wa kushoto, hapa juu ya kiwiko, na mimi naongoza. Maisha yangu yote yeye ndiye aliyenishika mkono kunivusha barabara. Kuwa mimi ninayevusha kulinipendeza zaidi ya ilivyofaa.

Basi tukaingia kwenye mvuke.

Wajukuu zangu, sijui niwaelezeje. Fikirieni mko ndani ya maziwa ya moto. Huoni mkono wako. Taa iko mahali fulani juu, lakini ni doa tu, kama jua nyuma ya pazia. Unasikia mtu anahema kushoto, mtu anakohoa kulia, tone linaanguka kutoka darini linasema to, halafu kimya, halafu to. Wageni wote waliingia wakipapasa na kuombana radhi, huyu amemkalia mwingine mguu, yule amesalimia nguzo. Dada akaniachia mkono. Ndiyo, aliniachia. Akatembea mpaka mwisho wa benchi kama mtu aliye sebuleni kwake, akakaa, na njiani akawa amemshika bega bwana mmoja aliyekuwa anaelekea ukutani, akamgeuza taratibu akamwambia mlango uko huku, baba.

Nilipomfikia alikuwa anatabasamu. Sikuliona tabasamu, nililisikia kwenye sauti.

"Mtoto," akasema, "leo wote mna macho yangu."

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Nilielewa kwamba dada yangu hajapotea kwenye ule ukungu wake. Amehamia.

Jioni ile tuliingia bwawa la nje. Maji yalifika shingoni, juu yake mvuke ulikuwa unatembea kama watu wanaotoka ibadani, taratibu, makundi makundi. Kulikuwa na mama mmoja mwembamba tuliyezoeana naye, mwalimu mstaafu, mwenye goti bovu alilokuwa analichua kwa dawa ya kamfa mpaka ukimkuta ukumbini unajua amepita. Tulimwita Mwalimu. Aliongea kama anayesoma imla, neno, nafasi, neno, na hakukubali mtu amwone bila joho lake limefungwa mpaka kooni. Hata bwawani aliingia wa mwisho na kutoka wa mwisho, wengine wakishageuka. Lakini vitendawili alivipenda kama mimi. Akanitegea kimoja: nina macho mia, na yote yanalia kwa pamoja. Nikafikiri nyuki, nikafikiri mananasi. Dada, ambaye alidhaniwa amesinzia, akasema bomba la kuogea la manyunyu. Mwalimu akampa alama kumi kwa kumi.

Mwalimu alipotoka na sisi tukageuka kama ilivyotakiwa, nilibaki na dada peke yetu. Nikaona ndiyo saa. Nikamuuliza kama anaogopa kisu. Akaniuliza nani, yeye? Amezaa watoto wanne bila hata sindano moja, na wa tatu alikuja na miguu mbele. Nikamuuliza kama anaogopa maumivu, akacheka. Kama ni kulala hospitali, akanikumbusha kwamba hospitali tumeijua kuliko madaktari, sisi tumefua mpaka siri zao.

"Basi unaogopa nini, dada?"

Alishuka kwenye maji polepole, kidevu kikazama, mdomo ukazama, akabaki pua na macho juu kama kiboko, na mvuke ukaja ukamfunika hata hayo. Nilisubiri. Vidole vyangu vilikunjamana kwa kulowa. Nilipomgusa bega aliniambia chakula cha jioni kitapoa.

Siku ya pili asubuhi ndiyo ya mkosi.

Tulikuwa tumekaa kwenye benchi nje ya chumba cha mvuke tukingoja zamu, kwa sababu ndani wamejaa tisa. Kwenye ndoano majoho tisa. Na pembeni ya ndoano Bwana Jasho alikuwa ameegesha toroli la nguo chafu, lina taulo mbili tatu ndani, akaenda kuleta maji ya kunywa. Sasa niambieni, mtu aliyefanya kazi kwenye chumba cha kufulia miaka thelathini na moja, mpe mlango wa moto, ndoano zenye vitambaa vilivyolowa, na toroli chini yake. Anaona nini? Kule kwetu sheria ilikuwa moja: kilicho kwenye ndoano ya mlangoni kimeletwa kufuliwa, na kisikukute umekaa.

Dada ndiye aliyenyoosha mkono kwanza. Aligusa joho la karibu, akakuta limelowa, limetupiwa juu ya lingine, pindo liko sakafuni. Akaguna. Akauliza ni nani aliyewalea watu hawa. Akalishusha, akalipapasa, na mimi nilikuwa bado nimekaa nikiota zangu, joto lile linakulegeza mpaka mawazo yanakuwa kama uji. Ghafla pembe mbili za joho zikawa mbele yangu na bega la dada limenyanyuka.

Mikono yangu ilijibu kabla ya kichwa. Tukavuta, tukakung'uta, tukaendeana.

Wallahi ilikuwa raha. Mvuke ulikuwa unavuja chini ya mlango ukituzunguka miguu, vile vigae vyeupe vinang'aa, na sisi wazee wawili tunaendeana na kurudi, tunaendeana na kurudi, bila neno, kama tuko vijana na zamu ndiyo kwanza imeanza. Sikumbuki kama niliwaza chochote. Mifuko tuliikagua, maana nguo haiendi kwenye mashine kabla ya kukaguliwa mifuko, na kila kilichopatikana tulikiweka kwenye beseni la mbao la kuoshea miguu lililokuwa hapo. Funguo. Miwani. Kitana. Miwani tena. Meno ya bandia, seti nzima ya juu. Dada alikuwa anahesabu kwa sauti ya chini kama zamani, moja mpaka tisa. Tukapanga majoho kwenye toroli, mikunjo yote upande mmoja. Mama wa kufulia akatokea kwenye lifti, akaliona toroli limejaa na limepangwa vizuri hivyo, akatushukuru kwa heshima zote akaondoka nalo.

Mlango wa mvuke ukafunguliwa, akatoka bwana mmoja mwekundu kama kamba aliyechemshwa, amejifunga taulo ndogo kiunoni. Akatazama ndoano. Akatutazama sisi. Nyuma yake akatoka mwingine, na mwingine.

Kichwa changu ndipo kilipofika kazini.

Nisiwachoshe na yaliyosemwa. Walikuwa wanane wamesimama wanatiririka jasho, wamejishikilia taulo, kila mmoja anauliza joho lake, na mimi naeleza habari za hospitali ambazo hakuna aliyeziuliza. Mmoja alilalamika huku amejiziba mdomo kwa kiganja, nikajua meno ni ya nani. Bwana Jasho alirudi na maji, akaelewa yote kwa kutazama tu, akakimbilia lifti. Ilimchukua muda, majoho alikuta yameshaanza kuingizwa kwenye mashine. Aliporudi nayo watu wakavaa lolote lililokuwa juu, lakini vitu vya mifukoni vilikuwa vimechanganyika kwenye beseni, na funguo za vyumba zilitakiwa zilinganishwe na majina kule mapokezi. Kwa hiyo nikabeba beseni kichwani, Bwana Jasho akatangulia, na wale wanane wakanifuata kwenye lifti na majoho yao. Msafara ulioje. Bwana mwenye kiganja mdomoni ndiye aliyetembea karibu yangu kuliko wote.

Dada alibaki kwenye benchi. Haya yanayofuata nimeyajua kwake baadaye, isipokuwa mwisho wake niliousikia mwenyewe.

Alibaki na joho moja mapajani. Kule kwetu unahesabu unapopokea na unahesabu unaporudisha, na hesabu zisipolingana hulali. Alipokea tisa. Yamevaliwa manane. Sisi wengine wote kwa kuchanganyikiwa tulidhani waliotoka ndio wote. Dada akalinusa lile joho. Kamfa.

Mwalimu alikuwa bado ndani. Aliposikia kelele kwamba majoho yamepotea, na wanaume wamesimama mlangoni, aliona bora asubiri kuliko kutoka na taulo mbele za watu. Akasubiri dakika kumi na tano za kwanza, kisha zile za kutafuta majoho, na mvuke haujui aibu ya mtu.

Dada alifungua mlango akaingia. Anasema hakupapasa hata mara moja. Alifuata kuhema, akamkuta amelala upande kwenye benchi la mwisho, mkono unaning'inia. Akamfunika joho, akampitisha mikono kwapani kama tulivyozoea kubeba mafurushi, akamtoa nje kinyumenyume, akamlaza chini kwenye vigae vya baridi. Dada huyo, na miaka yake sabini na sita. Halafu akaipapasa simu ukutani akainyanyua.

Mimi nilikuwa nimetoka kwenye lifti muda huohuo, narudi kumchukua. Nikamwona mbali, mwisho wa ile njia nyeupe, amepiga magoti, mkono mmoja umemshika Mwalimu, mwingine umeshika simu, na mvuke unatoka mlangoni juu yao wote wawili. Kulikuwa kimya hata sauti ya nesi kwenye simu niliisikia, nyembamba kama ya mbu. Alikuwa anauliza midomo ya mgonjwa ina rangi gani.

"Sijui," dada akasema.

Nesi akauliza kama yuko naye hapo.

"Niko naye. Nimemshika mkono."

Basi aangalie, amwambie midomo ina rangi gani, imekuwa ya bluu au vipi, na macho yake je, yamefunguka?

Dada aliinama. Aliweka uso wake karibu kabisa na uso wa Mwalimu, karibu hata pua ziligusana, akakaa hivyo. Nikaona mgongo wake umetulia kabisa. Kisha akasema tena, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, hata siku ya mazishi ya mama.

"Dada nesi, sijui."

Nilitupa fimbo nikakimbia, mimi na presha yangu. Nikaichukua simu. Midomo ilikuwa imepauka lakini si ya bluu, na macho yalikuwa yanafumbuka na kufumba. Nesi akaniambia tumnyanyue miguu, tumwekee kitambaa kilicholowa shingoni, yeye anashuka. Alishuka kweli, na haikuchukua robo saa Mwalimu alikuwa ameketi, anakunywa maji yenye chumvi kidogo na sukari. Jambo la kwanza alilofanya ni kufunga joho mpaka kooni. La pili ni kumpa dada alama, mia kwa mia, akasema hajawahi kumpa mtu. Dada alimshukuru, akatazama pembeni.

Mchana Bwana Jasho alikuja kumshukuru, akampa mkono, akasema yeye mwenyewe kwenye mvuke ule huwa haoni futi moja mbele. Wale wanane walikuja mezani kwetu mmoja mmoja, hata yule wa meno, sasa yuko kamili anacheka, na wote wakamwita shujaa. Dada alikuwa anakata mkate vipande vidogo vidogo na haoni anapouweka. Nami kila nilipotaka kumsomea orodha ya vyakula nilijikuta nasita. Nilikuwa nimemzoeza kutumia macho yangu. Hilo nililiona waziwazi, na sikuwa na wa kumlaumu.

Asubuhi ya kuondoka ilikuwa Jumapili. Gari lingekuja saa nne, na mimi neno moja nililotumwa sikuwa nalo. Sikutaka kuuliza tena. Dada ndiye aliyesema twende tukaage maji.

Bwawa la nje lilikuwa tupu. Baridi ya asubuhi ilifanya mvuke uwe mzito kuliko siku zote, tuliposhuka ngazi sikuona maji, nilishuka kwenye weupe mtupu mpaka joto likanipokea magoti, kiuno, kifua. Tukakaa kwenye lile benchi la mawe lililo ndani ya maji. Sikumwona dada, nilikuwa nasikia tu maji yanavyomzunguka. Ndege mmoja alilia mahali fulani, au bawaba ya mlango. Sijui tulikaa muda gani. Pale muda nao ulikuwa umevua nguo.

Halafu mikono yake ikanijia usoni. Miwili, ya moto, imelowa. Ilianza kwenye paji la uso, ikashuka polepole pembeni mwa macho, ikasimama pale kwenye makunyanzi, ikahesabu, ikashuka mashavuni ambapo ngozi imelegea, mpaka chini ya kidevu. Aliukagua uso wangu kama anavyokagua mfuko wa nguo, asibakize kitu.

"Uliniuliza naogopa nini," akasema.

Niliogopa akisikia sauti yangu ataacha.

"Naogopa wewe. Mara ya mwisho kukuona sawasawa nywele zako zilikuwa nyeusi na ulikuwa unapanda ngazi za hospitali mbilimbili. Tangu hapo naona ukungu tu wenye sauti yako, na sauti yako haijazeeka, Mtoto. Mama aliniachia mtoto. Nikafunguliwe macho nikute kizee kimekaa mahali pake, halafu nifanye nini?"

"Kimekaa, dada," nikasema. "Muda mrefu tu."

"Nimekishika sasa hivi. Najua." Mikono yake ilikuwa bado chini ya kidevu changu. "Lakini jana niliulizwa rangi ya midomo ya mtu niliyemshika mkono, nikasema sijui. Mara mbili. Siku hiyo midomo ikiwa yako, sitaki kusema sijui. Mpigie daktari umwambie ndiyo. Na siku wanayonifungua bandeji usije umejipaka poda, nataka nikukute kama ulivyo."